Kanda za babu zinaharibika: nianze na mashine, na programu, au na bibi?

*"Babu yetu alifariki miaka mingi iliyopita akatuachia kanda 14 za kaseti alizojirekodi mwenyewe. Humo anasimulia ukoo, anaimba, anataja majina ya miti na vijito, na mahali fulani anaigiza milio ya ndege wanaolia kabla ya mvua. Lugha yake mimi naisikia nusunusu. Watoto wangu hawaisikii kabisa. Kanda mbili zina kitu cheupe kama unga. Nyingine nikizicheza kwenye redio ya zamani, sauti inazama na kurudi. Mama anashauri tuzianike juani zikauke. Binamu yangu anasema kuna programu ya akili mnemba itakayosafisha sauti iwe kama imerekodiwa leo. Wengine wanasema niweke simu mbele ya spika, nirekodi, nitume kwenye kundi la WhatsApp la familia, basi. Dada yake babu, ambaye nasi tunamwita bibi, bado yuko hai na masikio yake ni mazima. Kwa sasa nina uwezo wa kufanya jambo moja tu. Nianze na lipi?"*

Ndugu yangu, sentensi yenye uzito kuliko zote umeiweka karibu na mwisho, kana kwamba ni ya ziada: bibi yuko hai na anasikia vizuri. Kazi yangu ni kuhifadhi sauti za zamani, na familia nyingi zinazonijia huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Hilo nitalijibu. Lakini kanda kavu ikikaa kabatini mwaka mmoja zaidi, kwa kawaida utaikuta karibu kama ulivyoiacha. Mtu anayejua ni nani aliyekuwa akiitikia wimbo, kijito kile kiko upande gani wa kilima, na kwa nini babu alicheka alipotaja jina fulani, huyo hana nakala. Kwa hiyo jambo lako moja liwe kukaa na bibi, na kanda tuzifanyie kwanza yale yasiyogharimu kitu.

La kwanza lifanye leo. Chukua kila kanda utazame mgongo wake, yaani upande ulio mkabala na ule ambapo utepe unaonekana. Kwenye pembe mbili kuna vijimeno vya plastiki. Vivunje vyote viwili. Vikiondoka, mashine haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo, hata mtoto akibonyeza kitufe kisicho chake. Usiione tahadhari hii kuwa ndogo. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba kanda zilizobeba picha asilia za televisheni za safari ya Apollo 11, ya mwaka 1969, inaelekea zilifutwa na kutumika tena kwa shughuli nyingine. Ilibidi picha bora zaidi zitafutwe kwenye nakala za vituo vya televisheni. Kama taasisi yenye wataalamu na maghala iliweza kufuta kumbukumbu yake, kanda yako iliyo karibu na redio ya sebuleni iko hatarini zaidi.

Sasa tuje kwenye jua. Namwelewa mama, maana kitu chenye unyevu huanikwa. Kanda haianikwi, na ili uone sababu ni vizuri ujue imeundwaje. Utepe wake ni plastiki nyembamba yenye upana usiofika milimita 4, iliyopakwa chembechembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa na gundi. Babu alipozungumza, mashine ilizipanga sumaku za chembe hizo zifuate mtikisiko wa sauti yake. Ukiicheza kanda, utepe hupita mbele ya kichwa cha kusomea, kile mafundi wanachokiita hedi, kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Hedi huhisi sumaku zikibadilika, huzigeuza kuwa umeme mdogo sana, na spika huurudisha umeme huo kuwa sauti.

Wengi huamini kwamba sumaku hizo hufifia zenyewe mwaka hadi mwaka mpaka kanda inabaki tupu. Kwa kiasi kikubwa si hivyo. Kinachozeeka ni gundi, ambayo unyevu huila polepole. Ni plastiki ya utepe na ya ganda, ambayo joto huipinda. Na ni mashine zenyewe, ambazo nzuri zake zinazidi kuadimika. Kampuni ya Philips iliionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na tangu redio za kaseti zilipoacha kuwa bidhaa ya kila nyumba, vipuri na mafundi wanaozijua wamekuwa wakipungua. Hata UNESCO imekuwa ikitahadharisha juu ya hali hii ya kanda za sumaku kuzidi kukosa mashine za kuzisoma. Ukizianika juani, utepe utatanuka na kusinyaa bila usawa, ganda litapinda, na hasara hiyo haina dawa. Ziweke mahali pakavu penye kivuli, mbali na joto la chini ya paa na unyevu wa sakafu, zikiwa zimesimamishwa ndani ya vikasha vyake. Zisikae jirani na spika kubwa, kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku. Ukisikia mtu akishauri friji, usimfuate. Kanda ikitoka kwenye baridi hukusanya matone ya unyevu.

Zile mbili zenye unga mweupe zitenge sasa hivi. Kwa maelezo yako, inaelekea hiyo ni kuvu. Usizicheze hata kidogo ili tu kusikia kama bado zinafanya kazi, kwa maana kuvu itabaki kwenye redio na kuhamia kwenye kanda nyingine 12, na ikisuguliwa na hedi itaukwangua utepe. Tena vumbi lake si zuri kwa mapafu, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Vaa barakoa, zitie kila moja kwenye mfuko wa karatasi, ziweke mahali pakavu peke yake, kisha uzipeleke kwa mtaalamu. Maji, spiriti na brashi ya mswaki viache. Kuvu iliyokauka husafishika kwa vifaa vyake, na mara nyingi sauti iliyo chini yake bado ipo.

Kuhusu sauti inayozama na kurudi, kabla hujailaumu kanda, ikague mashine. Sauti ikiwa nzito na ya kufifia, kana kwamba babu anazungumza nyuma ya mlango, aghalabu hedi ni chafu au imekaa upande. Hedi husafishwa kwa kijiti chenye pamba na alkoholi safi ya isopropili, kisha unaiacha ikauke kabisa. Kukaa upande hurekebishwa kwa skrubu ndogo iliyo kando ya hedi, na hapo fundi anayejua anatakiwa, kwa sababu milia ya sauti kwenye utepe ni myembamba mno na mzunguko mdogo wa skrubu unabadilisha kila kitu. Sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayeyumba, mkanda wa mpira unaozungusha mashine umelegea. Na ikitoweka kabisa kisha ikarudi, tazama ndani ya kanda, katikati ya ule upande wa utepe. Panatakiwa kuwa na kitambaa au sponji ndogo inayousukuma utepe ugusane na hedi. Gundi ya sponji hiyo huchoka, sponji ikadondoka, familia ikaamini sauti imekufa. Fundi anaweza kuuhamisha utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu na sauti ikarudi palepale. Kwa hiyo jaribu kwanza mashine kwa kanda isiyo na thamani kwako. Mashine ikiila hiyo, umepona. Ikiila ya babu, hapana.

Sasa kurekodi. Simu mbele ya spika ni njia dhaifu: inachukua mwangwi wa chumba, kuku, pikipiki inayopita, na spika yenyewe hupotosha. Waya unaotoka kwenye tundu la sauti la redio na kuingia kwenye kompyuta kupitia kifaa kidogo cha kugeuza sauti kuwa ya kidijitali ni bora mara nyingi. Lakini sitakuambia usitumie simu. Kama waya hauna na bibi yuko mbele yako wiki hii, tumia simu, chumba kikiwa kimya, na simu ikiwa haipokei miito. Rekodi dhaifu iliyopo inazidi rekodi nzuri ambayo haikufanyika. Hakikisha tu kwamba hairuhusiwi kuhesabiwa kuwa ndiyo kazi iliyokamilika, kwa sababu familia zikishapata kitu kwenye simu huanza kuzitupa kanda. Kanda asilia usizitupe hata baada ya kupata nakala nzuri.

Siku utakapopata waya, rekodi kwa faili la aina ya WAV, yaani lisilotupa sehemu yoyote ya sauti, biti 24, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha. MP3 huwa ndogo kwa sababu inatupa sehemu za sauti inazodhani sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. Itengeneze baadaye kutoka kwenye WAV kwa ajili ya kusikilizia na kugawana. Usiogope ukubwa. Saa moja ya WAV ya namna hiyo ni takriban gigabaiti 1. Hata kanda zako zote zingekuwa za dakika 90, jumla ni saa 21, yaani kama gigabaiti 22, kiasi ambacho diski ya kawaida inakimeza bila kuhisi. Kiwango cha sauti usikipandishe mpaka mwisho. Acha nafasi juu, maana babu akipaza sauti ghafla na ikagonga dari, mpasuko ule hauondoki.

Kundi la WhatsApp ni mahali pazuri pa kugawana na pabaya pa kutunza. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kupoteza taarifa zake za ndani, kama tarehe na mahali ilipopigwa. Simu ikipotea, mtu akifuta vitu ili apate nafasi, ujumbe wa mwaka jana hauonekani tena. Mwenye kutunza anahitaji nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu unayemwamini au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi itumie kubebea. Isiwe ghala, kwa sababu inashika data kwa chaji ya umeme ambayo huvuja ikikaa miaka bila kuwashwa. Diski nayo hufa. Mara moja kwa mwaka fungua mafaili usikilize, na kila baada ya miaka mitano hivi hamishia kwenye diski mpya. Wapo wanaodhani kugeuza kitu kuwa cha kidijitali ndiyo mwisho wa kazi. Mwaka 1986 BBC ilikusanya maelezo na picha za watu wa Uingereza nzima kwenye diski maalumu, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa ya mfalme kiitwacho Domesday. Haikupita miaka 20, mashine za kusoma diski hizo zikawa adimu kiasi kwamba watafiti walilazimika kufanya kazi ya ziada kuziokoa, huku kitabu cha mwaka 1086 kikiendelea kusomeka.

Nije kwa binamu yako na programu yake. Programu hizo zipo na nyingine zinashangaza. Ila fahamu zinachofanya. Zimefundishwa kwa sauti nyingi sana za watu wakizungumza, nyingi zikiwa za lugha kubwa, kisha zinakisia ipi ni sauti ya mtu na ipi ni kelele. Panapokosekana kitu, nyingine hujaza kwa makisio. Lugha ya babu yawezekana haikuwamo kabisa katika mafunzo hayo, hivyo konsonanti isiyo ya kawaida au kupanda na kushuka kwa toni kunakobadilisha maana huweza kulainishwa mpaka neno likawa jingine, na wewe unayesikia nusunusu hutagundua. Halafu kuna wale ndege. Babu anapoigiza mlio wa ndege, programu inaweza kuusikia kama kelele ikaufuta. Vivyo hivyo mvua juu ya paa, mbuzi kwa mbali, mtoto anayeitwa jina uani. Hizo ni habari, kwa bibi huenda zikawa ndizo zinazomwambia mwaka na nyumba. Kwa hiyo tunza faili ghafi lisiloguswa milele. Ukitaka kusafisha, safisha nakala, na kwenye jina lake andika kwamba imesafishwa. Jambo jingine: baadhi ya programu hizi hupeleka sauti kwenye kompyuta za kampuni ili zisafishwe huko. Kwenye kanda za ukoo huwa mna mambo ya mipaka ya mashamba, ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ya ugomvi wa watu ambao wajukuu wao wanaoana leo. Zisikilizwe kwanza nyumbani.

Sasa bibi, ambaye ndiye ningependa umpe jumamosi zako. Mwendee na kanda moja tu, na usianze na ile yenye sauti safi kuliko zote. Anza na ile yenye watu wengi, kwa sababu huko ndiko kuna majina yanayopotea kwanza. Mweleze unachotaka kufanya na umwombe ruhusa ya kumrekodi na yeye. Akisema sehemu fulani isirekodiwe, zima kweli, mbele yake. Kisha cheza dakika mbili au tatu, simamisha, unyamaze. Ukimya wako utafanya kazi kuliko maswali. Simu yako iwe inarekodi maoni yake kama faili jingine, na daftarini uandike: kanda ya tatu, upande A, dakika ya 12, bibi amesema anayekohoa ni fulani. Nusu saa yatosha. Mtu mzima anayesikia sauti ya kaka yake aliyekufa anachoka kwa namna isiyoonekana usoni, na akilia usikimbilie kumtuliza ili kazi iendelee. Acha kazi.

Muulize yale ambayo kanda haiyasemi. Wimbo huu uliimbwa wakati gani, na nani hakuruhusiwa kuuimba? Kijito hiki bado kina maji? Akikumbuka tofauti na babu, usiwapatanishe. Andika maneno ya wote wawili kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu ndugu wawili huweza kuwa waliona jambo moja kutoka milango miwili. Yaandike kwanza kwa lugha yao wenyewe kama yanavyotamkwa, tafsiri ije kando. Watu huanza na tafsiri kwa sababu ni rahisi, na baada ya miaka michache ndiyo pekee inayobaki.

Miti ishughulikieni kwa miguu, kama bibi anaweza kutembea. Kama hawezi, nenda wewe urudi na picha. Jina la mti katika lugha moja huweza kubeba miti miwili au mitatu tofauti, na mti mmoja huweza kuwa na majina tofauti kutoka kijiji hadi kijiji. Picha moja ya mti mzima haimsaidii mtaalamu wa mimea. Piga jani pande zote mbili, namna majani yalivyopangika kwenye tawi, gome, na hasa ua au tunda, maana hapo ndipo spishi hutambulika. Ongeza mahali na tarehe. Watoto wako wape kazi hii. Simu wanazijua kuliko wewe, na jina la mti watalishika wakiwa wamesimama chini yake kuliko wakilisoma popote. Jambo moja nisisitize: babu akisema mti fulani hutibu maradhi fulani, tunza maneno yake kama kumbukumbu. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Kila faili lipe jina linaloeleweka na mgeni: babu, namba ya kanda, upande, mwaka kama unajulikana. Kabla ya kucheza kanda yoyote, piga picha maganda na maandishi yote yaliyo juu yake, hata yaliyokatwa, maana mwandiko wa babu nao unaweza kutaja tarehe.

Kuna mambo usiyajaribu nyumbani, na hapa nakuomba utafute mtu ana kwa ana. Kanda zile mbili za kuvu ni mojawapo. Nyingine ni kanda inayopiga kelele ya kukwaruza ikichezwa, inayoacha masizi ya kahawia kwenye hedi, iliyokatika, au iliyoshikana tabaka kwa tabaka. Mitandaoni utakuta watu wakishauri kuoka kanda kwenye oveni. Njia hiyo ipo, ila ni kwa aina fulani za kanda, kwa joto dogo linalodhibitiwa kwa saa nyingi, na oveni ya jikoni haifai. Uliza kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa lako, jumba la makumbusho, kituo cha redio cha zamani, au idara ya lugha ya chuo kikuu kilicho karibu. Idara hizo huweza kuvutiwa na lugha ya babu kiasi cha kukufanyia kazi bila malipo. Kabla ya kukabidhi, ulizeni na muandikiane: kanda asilia zitarudi lini, mtapewa mafaili ghafi ya WAV au MP3 tu, nani ataruhusiwa kusikiliza, na familia inaweza kuzuia sehemu gani. Wape kwanza kanda moja, ile usiyoilia sana. Ikirudi salama na faili likafunguka kwenye kompyuta yako, wapelekee zilizobaki, zile za kuvu zikiwa kwenye mifuko yake ya karatasi, na uwaambie mapema kwamba zina kuvu ili wasizifungue karibu na makusanyo yao mengine.